Koleo la Eliasi

Severa hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Hasira zake zilikaa mikononi. Akifunga mlango, mlango unajua. Akiweka kikombe mezani, kikombe chenyewe kinashtuka. Na mwaka ule, aisee, vikombe vilishtuka sana.

Ilikuwa enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kariakoo ilikuwa imefunguka kama gunia lililochanika. Vitu ambavyo watu walivipangia foleni miaka na miaka, sasa vimemwagwa chini barabarani: redio za Dubai, mitumba, sabuni za kila rangi, mpaka miavuli ya watoto yenye masikio. Kwa mnunuzi raha tupu. Ila kama ulikuwa mfanyakazi wa shirika la umma, kila kontena lililoshushwa bandarini lilikuwa kama linakuuliza, we bado upo tu?

Severa alikuwepo. Miaka ishirini na mbili alikuwepo, kwenye karakana ya mizani pale Msimbazi. Karakana ilikuwa ya shirika na kazi yake moja tu, kutengeneza mizani za wafanyabiashara: za sahani mbili, za mshale, zile kubwa za chini za kupimia magunia. Alitoka kwao Rombo akiwa binti wa miaka ishirini na moja, akaajiriwa kufagia. Anafagia huku anachungulia. Baada ya mwaka, fundi mkuu wa wakati ule akamkuta ameshika mizani ya sonara, ile ndogo kama kitu cha kuchezea, anairekebisha kwa kibanio cha nywele, na imekaa sawa. Hakumfukuza. Akampa bisibisi. Sasa yeye ndiye msimamizi, ana mafundi wanane chini yake, na wote wanamwita Mama Rogath kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Sasa sikia utaratibu wao, maana hapo ndipo penyewe. Kila fundi alikuwa na koleo lake. Ukimaliza kutengeneza mizani, unapitisha waya mwembamba kwenye skrubu za kurekebishia, unausokota, unauvisha kitonge cha risasi laini, halafu unabana na koleo ili mtu asije akachezea. Mdomo wa koleo una namba, na namba inabaki kwenye risasi. Severa namba moja, Sadalla namba mbili, mpaka namba tisa. Jioni makoleo yote yanatundikwa ukutani, kila moja kwenye msumari wake. Hakuna aliyegusa koleo la mwenzake. Wala haikuwa sheria iliyoandikwa mahali, ilikuwa tu kama mswaki.

Mizani ikirudi na kasoro, Severa anasoma namba, anaiandika kwenye daftari la marejesho, anamwita mwenye namba, anamsema, yanaisha.

Basi, Jumatatu moja meneja akamwita juu.

Huyo meneja, Bwana Anaeli, alikuwa ameletwa na shirika miezi saba kabla. Ofisi yake ilikuwa juu ya karakana, ngazi kumi na nne, na hakuna fundi aliyewahi kumwona anazishuka ila kuelekea kwenye gari. Alikuwa Mchaga wa Machame. Hilo mafundi walilishikia bango: meneja Mchaga, msimamizi Mchaga, watu wa nyumbani hao, wana yao. Wasichojua ni kwamba Machame na Rombo wakikutana na kila mtu akaanza kilugha cha kwao, wanarudi kwenye Kiswahili kabla chai haijapoa.

Bwana Anaeli hakumkaribisha kiti. Alimweleza kwamba shirika linauzwa, mnunuzi hataki watu wengi, na karakana inatakiwa itoe watatu. Severa ndiye anayewajua, kwa hiyo alete majina matatu Ijumaa ya wiki ijayo kabla ya saa sita. Atumie daftari la marejesho, wenye makosa mengi ndio waende. Na asimwambie mtu, maana watu wakijua watavuruga kazi.

Severa akasema sawa. Akashuka ngazi zote kumi na nne.

Na yeye alijua, bwana. Alijua kuliko mtu yeyote mle ndani. Mume wake, Baba Rogath, alikuwa dereva wa mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye kampuni moja kule bandarini. Mwaka uliopita alipunguzwa, na aliyemwambia hakuwa bosi, alikuwa mlinzi wa getini, asubuhi, mbele za watu: mzee, jina lako halipo kwenye karatasi, rudi nyumbani. Tangu siku hiyo Baba Rogath alikuwa anakaa Buguruni kwenye chumba chao cha kupanga, anasikiliza redio kuanzia taarifa ya asubuhi mpaka wanapofunga matangazo. Severa alishaapa kwamba watu wake hawatatendewa vile. Na sasa karatasi ya getini kashikishwa yeye.

Akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea.

Enzi hizo hakuna simu mkononi, hakuna grupu, hakuna cha kufowadi. Umbea ulikuwa unatembea kwa miguu yake mwenyewe na bado unafika kabla yako. Kufika Jumatano karakana nzima ilishajua kuna kitu. Gari la meneja limeoshwa mara mbili kwa siku, basi mnunuzi anakuja. Sukari ya chai imepunguzwa, basi shirika limefilisika. Mama Rogath kaitwa tena juu, basi orodha imekamilika. Waridi, fundi wa mizani ndogo, dada mmoja mwembamba mwenye kulea watoto wawili peke yake, alianza kuingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka wa mwisho ili mradi aonekane. Mwingine aliacha hata kwenda chooni, jamani, anaogopa akirudi atakuta meza yake ina mtu. Chai ya saa nne walikuwa wanainywa wote kwenye benchi moja, wanamcheka Sadalla na visa vya wake zake wawili. Sasa kila mtu na kikombe chake mezani kwake, kampa mwenzie mgongo.

Siku moja Sadalla alimfuata Severa, anacheka nusu. Alikuwa ndiye mkubwa wao, mkono wake mzuri kuliko wote na mdomo pia.

"Mama Rogath, huko juu na ndugu yako mnapika nini? Tuandae sahani au tuandae sanda?"

"Fanya kazi, Sadalla."

Hilo ndilo jibu alilowapa siku zote zile. Fanya kazi. Akiulizwa na Waridi, fanya kazi. Akiulizwa kwa macho tu, fanya kazi. Na alivyokuwa anazidi kulisema ndivyo alivyozidi kujichukia, na kila aliyekuwa karibu alilipata fungu lake.

Halafu mizani zikaanza kurudi. Ya kwanza, ya pili, mwisho zikawa tano, zote zina namba sita kwenye risasi. Namba sita ni Eliasi. Huyu alikuwa mtu mmoja mpole mno, miaka kumi na nne kazini, ukimuuliza jambo anakuitikia kwa nyusi. Severa alishangaa kidogo tu, kisha akawaka. Alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia na Eliasi ndiye aliyekuwa karibu. Akamsema mbele ya wote. Kwamba hata mtoto wa shule anaweza kuiweka mizani sawa. Kwamba watu wanatafuta sababu na yeye anawapelekea kwenye sinia. Eliasi akaichukua ile risasi, akaigeuza, akaitazama, akairudisha mezani taratibu. Severa akaona ni kiburi.

Jumatano ya wiki ya pili akapeleka ripoti ya marejesho juu kama kawaida. Aliporudi mezani kwake akachukua karatasi, na juu kabisa akaandika Eliasi.

Alhamisi asubuhi akaingia Mzee Tulsidas. Alikuwa na duka la viungo na nafaka mitaa miwili kutoka pale, mteja wao wa siku nyingi, na siku hiyo alikuja mwenyewe na mizani yake ndani ya kikapu. Severa akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akaiweka mizani mezani na jiwe lake la kilo moja juu yake. Mshale ukapita kilo, ukaenda kusimama gramu mia mbele.

"Hii inanipendelea mimi," Mzee Tulsidas alisema. "Inamwibia mteja. Binti yangu Jasvanti anasema, baba, nyamaza, si umebarikiwa. Nikamwambia duka lina miaka arobaini. Mama wa Kariakoo akifika nyumbani anapima tena."

Severa akatazama risasi, namba sita. Ya sita hiyo. Akaomba radhi, akasema aliyefanya hivyo anamjua na anashughulikiwa.

Mzee Tulsidas akavuta kiti, akakaa.

"Unamjua? Mimi sijui. Namba sita ananitengenezea miaka kumi. Waya wake unazunguka hivi." Akachora duara hewani kwa kidole. "Huu umezunguka kinyume. Nimefunga vinywa vya magunia maisha yangu yote, mama. Mkono wa mtu unaonekana."

Severa akaisogeza ile mizani dirishani. Kweli, waya umesokotwa kwenda kushoto. Akafungua mtoto wa meza, akatoa risasi nyingine tano za marejesho alizokuwa amezihifadhi. Kushoto, kushoto, zote kushoto. Na mle karakana mwenye kutumia mkono wa kushoto alikuwa mmoja tu, Sadalla.

Hasira ya kwanza ilimwendea Sadalla. Ya pili ikampita Sadalla, ikageuka, ikarudi kwa mwenyewe na ikakaa hapo. Yeye ndiye aliyewafundisha nusu ya wale watu kusokota waya. Mwezi mwingine wowote angeona kutoka mlangoni. Leo mpaka muuza bizari ndiye aje kumwonyesha.

Alimshukuru mzee, akamwomba amwachie mizani mpaka jioni. Alipotoka tu, Severa akayaondoa makoleo nane kwenye meza za watu, moja moja, akayaweka kwenye benchi la chai pamoja na lake. Saa nne ilikuwa bado.

"Njooni mkae. Wote. Benchi hili hili."

Wakakaa. Akawaambia, na kwa kuwa hakuwa amepanga maneno, yalitoka yalivyo. Shirika linauzwa. Watu watatu watatoka. Yeye katakiwa alete majina kesho kabla ya saa sita. Amelijua hilo tangu Jumatatu ya wiki iliyopita na akalifungia mdomoni. Anachokijua ni hicho. Asichokijua ni mnunuzi ni nani, na hao watakaobaki watabaki kwa muda gani, na kama hayo aliyoambiwa huko juu ni ya kweli.

Waridi machozi yalimtoka, lakini mabega yake yakashuka, yale mabega yaliyokuwa yamepanda masikioni siku zote hizo.

"Kingine," Severa akasema. "Kuna mtu amebana kwa koleo la Eliasi mara sita. Na mimi nikamtukana Eliasi mbele yenu. Eliasi, nisamehe. Ulijua?"

"Niliona waya," Eliasi alisema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungeniamini?"

Jibu lilikuwa hapana, na Severa alilijua.

Hapo Sadalla akaweka kikombe chini. "Usizunguke, Mama Rogath. Ni mimi. Nilisikia wenye makosa ndio wanaondoka. Nikakimbizana nionekane nimemaliza mizani nyingi, na zile nisizoziamini nikabana kwa koleo la huyu. Nina wake wawili na watoto saba. Eliasi hana hata paka."

"Kwa hiyo asiye na paka hali?"

"Nitukane, nimekosa. Ila na wewe jitazame. Habari zetu ulikaa nazo siku kumi kwenye mkoba kama mboga zako. Mimi nilimbana Eliasi kwa koleo, wewe umembana kwa kalamu. Karatasi nimeiona, jina la juu kabisa."

Kama kuna kitu kinauma kuliko kutukanwa, ni kutukanwa kwa kitu cha kweli na mtu mwenye makosa. Severa aliinuka. Akachukua koleo namba mbili akalitupa kwenye ndoo ya bati, ikalia mpaka barabarani. Akatupa namba tatu. Namba nne. Hakuna aliyepepesa jicho. Mpaka namba tisa, kila moja na kelele yake, likabaki lake tu mkononi.

"Kuanzia leo kila mizani inatoka na namba moja," alisema. "Ikirudi, imerudi kwangu. Ukitaka kubana unakuja naangalia kazi yako kwanza. Na chai inanywewa hapa. Kila siku, kabla mtu hajameza, nitasema ninachokijua na nisichokijua. Kama sijui kitu nitasema sijui, na mtakaa na hiyo sijui pamoja na mimi."

Mchana ule wakazifungua mizani zote sita wakazirekebisha upya. Na unajua nini, kazi ilienda. Mtu wa chooni alienda mara tatu.

Ijumaa saa tano na nusu Severa akapanda ngazi. Bwana Anaeli akanyoosha mkono kupokea, akapewa karatasi nyeupe, haina hata tone la wino. Akauliza majina yako wapi. Severa akamwambia hayapo, ile ripoti aliyoletewa Jumatano ni ya uongo, na lile daftari tangu watu waanze kuogopa halisemi kweli tena. Meneja akamkumbusha kwamba huo ni ukaidi, na mkaidi anaweza kuwa jina la kwanza.

"Liandike," Severa alisema. "Lakini ushuke ulisome mwenyewe, mbele yao. Usimpe mlinzi."

Bwana Anaeli hakujua mlinzi gani, ila kwa jinsi alivyotazamwa, hakuuliza.

Alishuka saa nane, baada ya watu kurudi kutoka msikitini. Ngazi kumi na nne, viatu vinang'aa, karatasi mkononi. Mafundi walikuwa wamekaa kwenye benchi lao. Akasema maneno ya shirika kuwashukuru kwa utumishi, kisha akasoma. Severa. Akasoma la pili, Waridi, na Waridi akashika ukingo wa benchi. Akasoma la tatu.

"Eliasi." Akainua macho, akapita uso kwa uso. "Eliasi ni yupi?"

Miezi saba alikuwa anatembea juu ya kichwa cha yule mtu. Miaka kumi na nne Eliasi alikuwa anakaa meza ile ile ya karibu na mlango, na kila siku meneja alipokwenda kwenye gari alipita nyuma ya mgongo wake. Severa aliifunga mikono yake nyuma maana hakuiamini.

Aliyesimama ni Sadalla.

"Huyo humjui, mheshimiwa, na ripoti yako haimjui. Mizani sita nimeharibu mimi nikamsingizia. Muache. Andika Sadalla."

Bwana Anaeli akatazama saa. Akachomoa kalamu mfukoni, akapiga mstari mmoja, akauliza Sadalla nani, akatajiwa jina la baba, akaandika. Akaifunga kalamu. Akapanda zake juu.

Kumbe ndiyo hivyo tu. Severa alisimama pale na hiyo "kumbe" imemjaa kifua kizima. Muda aliotumia yule bwana kubadilisha mtu kwa mtu ni muda wa kupenga kamasi. Hakuuliza mizani gani, wala alimsingizia vipi. Siku kumi na moja watu wameacha kulala, wamepeana migongo, fundi mwenye mkono wa dhahabu kageuka mwongo, yeye mwenyewe kageuka mlinzi wa getini, halafu huko juu jina lolote lingetosha. Watatu walikuwa watatu tu. Kama angeleta jina la Baba Rogath lingepita.

Hakulia. Alikusanya bisibisi zake, akachukua koleo namba moja akalitia kwenye mkoba. Lilikuwa mali ya shirika. Alipita nalo mlangoni polepole, makusudi, anangoja mtu amuulize. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu iliyofuata, Mzee Tulsidas akawaachia kibaraza cha duka lake, upande wenye kivuli. Meza moja, mawe ya kupimia ya kuazima, na benchi la mbao ambalo Jasvanti alilitoa stoo huku ananung'unika kwamba baba sasa anafungua hoteli. Walikuwa watatu: Severa, Waridi na Sadalla. Na Severa alikuwa hamsemeshi Sadalla. Alimfanyia salamu ya kichwa tu, maana aliona kusimama kwake mbele ya meneja kumemtoa Eliasi shimoni lakini hakujafuta kwamba yeye ndiye aliyemsukuma. Na aliona hivyo hivyo kuhusu yeye mwenyewe, ndiyo maana hasira zilikuwa hazitoki.

Saa nne Waridi akamimina chai. Severa akaweka kikombe chake kwenye benchi, kikashtuka kama kawaida.

"Ninachokijua," akasema, "hapa tupo mpaka mwisho wa mwezi, mzee kakubali. Eliasi yupo kazini, jana alipita nyumbani, anasema meneja bado hajui yeye ni yupi. Nisichokijua ni kama kuna mtu ataleta mizani."

Waridi akacheka kidogo, kicheko cha kwanza baada ya wiki mbili. Mizani ya kwanza waliyonayo ilikuwa ya Mzee Tulsidas mwenyewe, ile ya mshale, aliirudisha akisema safari hii inamwibia yeye. Sadalla alikuwa ameshaimaliza. Akaweka jiwe la kilo, mshale ukasimama palepale. Akapitisha waya, akausokota kwa mkono wake wa kushoto, akauvisha risasi. Kisha akabaki hivyo, mikono juu ya meza, maana koleo lilikuwa moja na lilikuwa mbele ya Severa.

"Mama Rogath. Nibane?"

Severa aliinama akatazama mshale. Akatoa jiwe, akarudisha. Akatazama waya, jinsi ulivyozunguka kwenda kushoto, wazi kabisa, kila mtu auone. Akalisukuma koleo mezani kwa nguvu mpaka likagonga kikombe chake.

"Bana."